Mtumbwi Chini ya Gari

Miguu ya mume wangu naijua kuliko uso wake. Sitanii. Kwa miaka minane, kila Jumapili baada ya misa na chakula, nilichokiona cha Antoni ni miguu miwili iliyochomoza chini ya gari, imevaa katambuga, na sauti kutoka huko chini ikisema, "Klementina, nipe spana namba kumi na tatu." Nampa. Kisha kumi na saba. Kisha kitambaa. Halafu ananyamaza, na ule ukimya ulinichosha kuliko kutumwa.

Jumapili ilikuwa siku yake kwa amri ya Serikali. Mafuta yalipokuwa ya shida, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka alfajiri ya Jumatatu. Kwa wachache waliokuwa na magari hapa Ujiji, hiyo ilikuwa adhabu. Kwa Antoni ilikuwa nafuu. Gari lake halikuwa linatembea hata siku za ruhusa, basi Jumapili angalau alikuwa na kisingizio mbele za watu.

Lilikuwa Pijo kuukuu la rangi ya maziwa, tulilonunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka na kuhama. Akiba yetu yote iliishia pale. Barabara za huku zilikuwa zimekwisha kuziua springi zake kabla halijawa letu, kwa hiyo tumbo lake lilikaa karibu na ardhi kama la mbuzi mwenye mimba ya mapacha. Majirani walicheka. Mke wa dereva wa Serikali, walisema, naye anataka kupanda gari lake mwenyewe. Waache waseme. Mimi gari sikulitaka. Lilinunuliwa kwa ajili ya mama yangu, na mama yangu alikuwa hajaomba gari.

Nianze na lori, maana huko ndiko kila kitu kilikoharibikia.

Mwaka wa Operesheni, Antoni alikuwa anaendesha lori la Serikali. Watu wa ufukweni, kusini ya Ujiji, waliamriwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa kule juu, mbele ya Mwandiga, waliko wakulima. Madereva walipewa orodha ya mahali pa kubeba watu. Katika orodha ya Antoni kulikuwa na kitongoji chetu, alikozaliwa mama yangu Rozalia, akaolewa hapo hapo, akamzika baba yangu Telesphory hapo hapo, hatua mia kutoka majini. Antoni aliomba abadilishiwe. Aliambiwa dereva hachagui mzigo.

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, na likiwapo la kusema linapita kwa binti. Antoni anasema, "Klementina, mwambie mawe hivi," ingawa mawe, yaani mama, amesimama hatua tatu tu kutoka kwake na masikio yake ni mazima. Mama naye anajibu, "Mwambie mumeo." Tangu niolewe nimekuwa barabara ya wawili hawa, na wote wawili wamenikanyaga.

Siku ile basi, mkwe ndiye aliyeng'oa mlango wa nyumba ya mama mkwe. Watu walihama na milango yao, maana mbao za mlango hazipatikani hivi hivi. Antoni aliutoa kwa taratibu, msumari kwa msumari, akaupakia, kisha akamshika mama mkono ili apande nyuma ya lori. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa. Mama alikaa na ule mlango magotini, akageuka kuelekea ziwani.

"Klementina," akasema, "mwambie mumeo, mtumbwi wa Telesphory hauwezi kupanda mlima. Nautia mikononi mwake. Autunze. Siku nitakayorudi kuliona kaburi, nitaupitia."

Antoni alikuwa anatazama gurudumu. "Mwambie mawe nitautunza. Na siku hiyo sitamwacha ahangaike njiani. Nitakuja kumchukua mwenyewe, kwa gari."

Ahadi mbili. Kama angetoa moja tu, huenda tungeishi vizuri.

Lori la Serikali si la kumtembeza mama mkwe, ndiyo maana tukanunua lile Pijo. Na mtumbwi ukavutwa majini hadi Ujiji na Asumani, jirani yetu, mvuvi wa Kibirizi, aliyeufunga nyuma ya mtumbwi wake mkubwa. Ulikuwa mtumbwi wa gogo, mti mmoja uliochongwa, mzito hata wanaume sita walihema kuuleta uani. Tuliulaza chini ya upenu. Mtumbwi usiokaa majini hupasuka, kila mtu wa ziwani anajua, basi kiangazi chote Antoni alichota maji jioni na kuumiminia ndani, ndoo kumi, kumi na tano, akitoka kazini na vumbi lake. Nilimhurumia. Na bado ulipasuka. Mwaka wa pili ulikuwa na ufa kutoka upande hadi upande, na mchwa walikuwa wameingia katikati.

Safari ya kwanza ya kumchukua mama, klachi ilikufa Mwandiga. Tulirudi tukikokotwa na trekta. Safari ya pili giaboksi ilimwaga oili yote kabla hatujaumaliza mji. Safari ya tatu hatukutoka uani. Karakana ya mjini ilikuwa ya magari ya Serikali na fundi wake alitaka kusubiriwa miezi, kwa hiyo Antoni akaamua kujifanyia nyumbani. Kazi yote ilikuwa chini ya gari, na chini ya gari lile hata paka aliingia kwa kujibana.

Kwanza akachimba shimo, kama la karakana, ili asimame ndani yake. Alipofika kiunoni maji yakaanza kuchuruzika. Tangu ziwa lilipopanda mwaka wa sitini na nne, uani kwetu ukichimba unachimba kisima. Asubuhi tuliwakuta bata wa Asumani wanaogelea humo kwa raha zao.

Kisha akatumia jeki na mawe. Siku moja jeki iliteleza mchangani, gari likashuka puu, na yeye alikuwa ametoka tu kuchukua koleo. Nililia, nikamtukana, nikamwambia akiingia tena chini ya jeki ile nitarudi kwa mama nikae naye katika ujamaa. Alijua sitanii.

Akaazima vipandio vya chuma, vile ambavyo gari hupanda kwa magurudumu ya mbele likabaki limeinua kichwa. Vilikuwa vya malori, vifupi na vya mwinuko mkali. Kwa gari lililoinama kama letu, bampa ilifika kabla ya gurudumu. Alijaribu mara nne, bampa ikapinda, akavirudisha. Alihitaji kitu kirefu, cha chini, kinachopanda polepole, kigumu cha kubeba gari. Jioni ile alikaa kwenye ngazi ya jikoni akitazama upenuni, na mimi nikaona anachokitazama.

Mtumbwi wa gogo haukombwi mpaka mwisho. Kwenye ncha zake mbili fundi huacha mti mzima, ili uhimili mawimbi na kugonga mchanga. Ukiikata ile ncha na kuipindua, una kipande cha mti kigumu kinachoanza chini kabisa na kupanda taratibu hadi shubiri moja na nusu. Ncha mbili, magurudumu mawili. Hata mtoto angeona.

Asumani alimkuta anapima kwa kamba.

"Antoni, hiyo ni amana."

"Amana imekwisha pasuka, bwana. Katikati ni mchwa tupu."

"Amana ni amana hata ikioza. Mwenyewe hajakuruhusu."

"Nisipoikata, gari haliponi. Gari lisipopona, sitamleta mwenyewe aje aione. Nifanyeje?"

Asumani alikuna kidevu. "Sijui. Lakini msumeno usiniombe nikushikie." Hakuondoka hata hivyo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mpaka mwisho.

Na mimi nilisimama mlangoni, nikanyamaza. Nalisema hili wazi maana Antoni amelaumiwa peke yake. Mtumbwi ulikuwa wa baba yangu, neno langu moja lingetosha, na sikulitoa. Nilikuwa nimechoka na lile gari. Nilitaka lipone tu, liende, yaishe.

Alizikata ncha zote mbili, akazichonga kwa tezo pale gurudumu linapotulia, akapigilia mbao ya kulizuia lisipitilize. Kwenye ncha ya mbele kulikuwa na kiraka cha bati la debe alichokipiga baba zamani, misumari saba, na lami pembeni. Antoni hakukitoa. Ncha ya mbele ilikuwa kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo gari lilisimama limeinamia upande, mpaka akaweka jiwe bapa chini ya ile ndogo. Gari likapanda bila kugusa kitu. Alitabasamu siku ile, na mimi nikaenda jikoni kwa sababu sikutaka kumwonyesha uso wangu.

Basi hapo ndipo Jumapili zikaanza. Leo klachi, wiki ijayo mpira wa sampu, wiki nyingine springi alizokunjiwa na mhunzi. Vipuri havikuwapo. Alikata gasketi kwenye kadibodi ya katoni za sabuni. Alipoponya moja, jingine liliugua. Likitengemaa siku mbili, petroli hakuna. Petroli ikija, tairi limetoboka. Mimi nilikwenda kumtazama mama mara kadhaa kwa malori ya mihogo, Antoni hakwenda. Aliahidi gari, na kufika kwa miguu aliona aibu. Kila nikienda, mama aliuliza, "Mtumbwi je?" Nami nikajibu, "Upo." Haukuwa uongo mtupu, lakini nilikuwa narudi nyumbani nikiwa mgonjwa.

Mwaka wa sita wa kazi hiyo, Jumapili moja saa tisa alasiri, nikiwa nachambua mchele, nilisikia fimbo inagonga ardhi nje ya uzio. Mama aliingia peke yake. Alikuwa amepanda lori la mihogo hadi Mwandiga, na kutoka Mwandiga alikuja kwa miguu. Miguu yenyewe ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Nikaangusha ungo.

"Shikamoo, mawe."

"Marahaba. Nimechoka kungoja. Mtumbwi uko wapi?"

Niliinama kuokota ungo. Gari lilikuwa katikati ya uwanja limeinua kichwa, na chini yake miguu ya Antoni. Spana ilikuwa inalia kri, kri. Ikaacha.

Adabu ni kwamba mama mkwe akimkuta mkwewe amelala chali, anageuka na kuondoka. Mama hakugeuka. Alitazama upenuni palipokuwa patupu, akatazama kipande cha katikati ya mtumbwi nilichokigeuza hori la kuku, kisha akatazama gari, akashuka polepole kwa macho mpaka chini ya gurudumu. Alikwenda pale, akachuchumaa kwa shida, akaweka kidole juu ya bati. Akahesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu." Alipofika saba aliacha kidole hapo hapo.

"Siku tulipokuleta mjini ubatizwe," akaniambia, "tuligonga jiwe. Baba yako alikipiga kiraka hiki ufukweni, kwa jiwe la hapo hapo, mimi nimekushika, sote tumelowa. Alikuwa anaimba."

Nikaanza kulia. Chini ya gari sauti ikasema, "Klementina, mwambie mawe..."

"Usimwambie Klementina," mama akasema. "Niambie mimi."

Tangu niolewe, miaka kumi na saba, hakuwahi kusema naye neno moja la moja kwa moja. 

"Mawe, niliukata," Antoni akasema huko chini. Hakuthubutu kutoka.

"Naona."

"Niliukata ili gari lipone, nije kukuchukua."

"Ego, nimesikia. Limepona?"

"Bado."

"Miaka mingapi?"

"Miaka sita, mawe."

Mama akakaa chini kabisa, mgongo wake umeegemea gurudumu, miguu yake iliyovimba mbele, na miguu ya Antoni pembeni yake. Wakakaa hivyo. Nilitamani agombe. Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kwa ugomvi wake, na nilijua pa kusimama. Sikujua pa kusimama penye kimya kile.

"Umechoka," akamwambia.

"Nimechoka, mawe."

"Na mimi." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Maliza hiyo kazi. Leo hatuendi, nimesikia njiani kwamba Jumapili magari yamefungwa. Kesho alfajiri tunakwenda kwa Telesphory. Unataka chuma gani?"

"Kumi na tatu."

Mama hakujua kusoma. Nilimwonyesha kwa kidole, akaiokota, akaipitisha mwenyewe chini ya gari, na mkono mweusi wa oili ukaipokea. Ndivyo walivyofanya kazi mpaka jua likazama, kumi na tatu, kumi na saba, kitambaa. Mimi nilipika. Usiku ule alikula nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, ingawa Antoni alikula jikoni kwa heshima.

Asubuhi gari liliwaka. Kabla hatujapanda, mama aliagiza ncha ya mbele, ile yenye kiraka, itiwe kwenye buti. Antoni aliitia bila kuuliza. Tulisimama mara tatu kulinywesha gari maji, na mara moja kung'oa kisiki, lakini tulifika. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuanguka, majani yamefika kifuani. Kaburi la baba tulilipata kwa kukanyaga-kanyaga. Msalaba ulikuwa umeliwa na mchwa, umebaki msumari tu.

"Simamisha hapo kichwani," mama akasema. "Bati litazame maji."

Antoni akachimba kwa koleo, akaisimamisha ncha, akaishindilia kwa mguu. Mama akaigusa, akasali, akalala kidogo juu ya majani akisikiliza ziwa. Tulimwacha.

Alipoamka akamwambia Antoni, "Hii ni ya mwenyewe. Ile nyingine baki nayo. Ina kazi."

Nilimwomba akae nasi Ujiji. Alikaa siku tatu, kisha akataka kurudi kule juu. "Mlango wangu uko kule sasa," alisema. Antoni alikwenda kuwasha gari ampeleke, na gari, Mungu anisamehe, lilikataa. Akarudi kwa lori la mihogo.

Kuanzia hapo gari letu lilipanda upande mmoja. Antoni aliingia chini ya upande ulioinuka, akautengeneza, akaligeuza, akautengeneza wa pili. Kazi ya Jumapili moja ikawa ya Jumapili mbili. Nilimwambia atafute gogo jingine, la mchikichi hata, limejaa tele. Alisema atatafuta. Hakutafuta. Mgongo wake ulianza kumuuma na akawa anatoka chini ya gari kwa kujiburuta, akikaa kwanza, ndipo asimame.

Mama alifariki miaka miwili baadaye, wakati wa kiangazi. Habari zilitufikia Jumanne asubuhi. Antoni alikwenda uani, akashusha gari kutoka kwenye ile ncha moja iliyobaki, akageuza ufunguo. Likawaka mara ya kwanza. Likapanda mlima wa Mwandiga bila kupumzika, na mimi kando yake niliomba lizimike tu, walau mara moja, kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona lina afya siku ile. Halikuzimika. Tuliingia kijijini kwa mama kwa gari, kama alivyoahidiwa.

Tuliondoa kiti cha abiria, tukamlaza ndani ya mkeka, mimi nikakaa nyuma nikiwa nimemshika kichwa. Mwenyekiti wa kijiji alitaka azikwe pale. Antoni, ambaye hakuwahi kubishana na mtu wa Serikali, alimwambia, "Mimi ndiye niliyemleta. Mimi ndiye namrudisha." Mwenyekiti akasogea.

Tulimzika ubavuni mwa baba. Asumani alikuwa amefika kwa mtumbwi na wenzake kuchimba. Baada ya sala, Antoni alifungua buti, na mle ndani niliona ile ncha ya nyuma. Hakuwa ameniambia. Aliibeba mwenyewe, akakataa msaada, akaisimamisha kichwani pa mama.

"Na gari," nikamuuliza, "utalipandisha juu ya nini?"

Alijipangusa mikono kwenye suruali, muda mrefu, ingawa ilikuwa udongo tu.

"Silipandishi tena, Klementina. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumchukua."

Jumapili iliyofuata alikaa barazani tangu tulipotoka misa mpaka jioni, mikono mitupu magotini. Nilimletea chai, nikakaa mbele yake, nikamtazama usoni. Mume wangu alikuwa amezeeka, na sikujua ni lini.